Gari la michezo linachelewa kuitikia mafuta? Anza kununua hivi

Ukikanyaga mafuta gari likasita kabla ya kuondoka, usikimbilie vifaa vya bei kubwa. Mimi navipanga hivi, cha kwanza kikiwa ndicho ninachokishauri kwa moyo wote.

Nunua dawa ya kusafishia throto (mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini), filta ya hewa na plagi mpya. Fungua bomba la hewa utazame kile kisahani cha throto: ukingoni utakuta utando mweusi wa kaboni, na ni hapo hapo hewa hupenya unapoanza tu kugusa pedeli. Lowesha kitambaa, futa taratibu. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole, na sensa ya hewa usiipulizie dawa hiyo, ina ya kwake. Kagua pia maunti za injini, yaani raba zinazoishikilia. Zikichoka, injini hujipinda kwanza ndipo gari lisogee, na throto hulaumiwa bure.

Pili ni kupanga upya programu ya kompyuta ya injini. Kwenye magari yasiyo na waya unaotoka pedeli ya mafuta hadi kwenye throto, kompyuta ndiyo inayoamua throto ifunguke kiasi gani, kwa hiyo marekebisho ya kweli yanafanyika humo. Tafuta fundi atakayelipima gari lako lenyewe. Faili lililonakiliwa kutoka gari la mwingine likatae.

Tatu, flaiwili nyepesi, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi. Resi (kasi ya mzunguko wa injini) inapanda na kushuka upesi, kupunguza gia kunakuwa raha tupu. Ila kuondoka kutahitaji mguu makini, na giaboksi inaweza kupiga kelele gari likiwa limesimama. Ifunge siku unayobadilisha klachi, maana giaboksi itashushwa tu.

Kisanduku cha pedeli nimekiweka nyuma makusudi. Kinakuza ishara ya pedeli: unakanyaga robo, kompyuta inasikia nusu. Hakiongezi nguvu hata kidogo. Ukikanyaga hadi mwisho, gari ni lile lile. Nilifunga kimoja, kwenye foleni gari likawa linaruka kila nikigusa mafuta, nikakitoa. Kama una kitufe cha Sport, kijaribu kwanza, kazi yake inakaribiana.

Mwisho kabisa ni throto moja kwa kila silinda, kama BMW M3 E46 ilivyotoka kiwandani na throto sita. Utamu wake hauna mfano, lakini kuzifunga kwenye injini nyingine ni mradi mzima, na programu lazima iandikwe upya.

Wenye turbo kubwa inayochelewa kujaa, hakuna kati ya hivi kitakachoiharakisha sana. Hapo badilisha turbo yenyewe, uchukue ndogo.