Chumba cha michoro cha British Museum: saa mbili na John Sell Cotman

Kwa miaka kadhaa mchoro wa daraja la mto Greta, kaskazini mwa Uingereza, niliujua kwa nakala ya kuchapwa tu, niliyoinunua katika duka moja ambalo sina haja ya kulitaja. Majani yake yalikuwa yamegeuka buluu, mto umekuwa mweusi kama lami, na karatasi iling'aa kama ya kalenda ya ukutani. Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kuketi mbele ya mchoro wenyewe, katika chumba cha kutazamia michoro cha British Museum jijini London, nilikwenda nikiwa na shauku ya kumjua upya John Sell Cotman, bingwa wa rangi za maji aliyejipatia riziki kwa kuwafundisha wengine kuchora.

Huduma yenyewe ni ya bure, jambo ambalo wageni wengi wa makumbusho haya hawalijui. Anayetaka kuona michoro huandika mapema, hutaja kazi anazozihitaji, kisha hupangiwa siku; ni vizuri kuhakikisha kwanza siku ambazo chumba kinafunguliwa. Ndani hutumika penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi. Mhudumu aliniletea sanduku, akautoa mchoro ukiwa umebandikwa kwenye kadibodi nene na kuuegemeza mbele yangu, bila kioo chochote kati yangu na karatasi. Michoro ya aina hii haikai ukutani mwaka mzima kwa sababu mwanga huila rangi ya maji, na rangi ya nili ni miongoni mwa zinazopauka upesi. Kwa hiyo msomaji asishangae akizunguka kumbi zote za makumbusho asimwone Cotman hata mara moja. Yumo, lakini ni lazima aombwe.

Mchoro huo ni wa mwaka 1805 hivi, na ukubwa wake unakaribia karatasi ya A4. Daraja lina upinde mmoja, chini yake maji yametulia, na mbele kuna mawe makubwa ya mtoni. Nilitumia karibu nusu saa kwenye jiwe moja. Cotman hakulizungushia mstari wa wino wala hakulisugua kwa brashi ili lionekane la mviringo. Alilaza tabaka moja jepesi la rangi iliyozimuliwa, akaliacha likauke, kisha akalaza la pili lenye ukingo mkali pale kivuli kinapoanzia. Mwalimu aliyenifundisha rangi za maji alikuwa akitukataza kugusa karatasi kabla tabaka la kwanza halijakauka, nasi tulimwona mkali bure. Pale mezani niliona kwa macho yangu alichokuwa akikidai.

Cotman alizaliwa Norwich mwaka 1782, mtoto wa kinyozi, akaenda London mwaka 1798 akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Katika majira ya joto ya 1803 hadi 1805 alikuwa mgeni wa familia ya Cholmeley huko Yorkshire, akiwafundisha mabinti wa nyumba hiyo kuchora, na katika safari ya mwisho kati ya hizo ndipo alipoufikia mto Greta. Mwaka 1806 alirudi Norwich na kufungua shule ya uchoraji. Baadaye alianzisha utaratibu ambao hadi leo naustaajabia: wanafunzi walilipa ada, wakaazima michoro yake iliyotiwa namba, wakaichukua nyumbani kuinakili, kisha wakairudisha. Kuanzia 1812 alihamia Yarmouth, ambako aliifundisha familia ya Dawson Turner, mwenye benki na mpenzi wa mambo ya kale. Mwaka 1834 akawa mwalimu wa uchoraji wa King's College School, London, na miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake alikuwemo Dante Gabriel Rossetti, aliyekuja kuwa mchoraji na mshairi mashuhuri. Alifariki mwaka 1842, baada ya maisha yaliyoandamwa na madeni na vipindi vya huzuni nzito.

Husemwa mara nyingi kwamba ualimu ulimmaliza. Mimi siafiki moja kwa moja. Ni kweli kwamba kazi zake bora zaidi, daraja hili likiwemo, ni za ujanani, kabla hajabeba mzigo wa masomo ya kila siku. Lakini mkono uliolaza tabaka zile kwa mpangilio wazi hivyo ulikuwa tayari mkono wa mtu anayeweza kumwonyesha mwingine njia, hatua kwa hatua.

Ushauri wangu kwa atakayeomba nafasi ni kwamba aitishe pia kazi zake za miaka ya 1830, alipokuwa akichanganya rangi na uji wa unga ili ziwe nzito na zichelewe kukauka. Zina giza na joto ambalo daraja la Greta halina. Hazina shida ya kupatikana, kwani mwaka 1902 makumbusho yalinunua mkusanyo mkubwa wa James Reeve, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Norwich.

Saa zangu mbili zilipokwisha, mhudumu aliurudisha mchoro sandukuni bila kunihimiza. Katika daftari langu kulikuwa na ukurasa mmoja wa penseli, wa lile jiwe tu, na upande wake wa kivuli nilikuwa sijaumaliza.