Rekodi za kwaya nilizokwenda nazo nyumbani Krismasi: uzoefu wangu

Mimi ni sauti ya pili, yaani alto. Nimeiimba tangu kwaya ya watoto usharikani kwetu Moshi vijijini, na hadi leo nikisikia wimbo wowote wa kwaya, sikio langu linaitafuta sauti hiyo kabla ya nyingine zote. Nalisema hili mapema kwa sababu ndicho kipimo nilichotumia kwa rekodi ninazozieleza hapa. Rekodi ikinifichia sauti ya pili, kwangu imepungua, hata kama okestra yake ina watu mia.

Kila Desemba natoka Dar kwenda kwa mama. Basi linaondoka alfajiri, na ukishaipita Chalinze una saa nyingi za kukaa tu na kutazama dirishani. Msimu uliopita nilipakua kila kitu kwenye simu kabla ya safari. Mwaka wa nyuma yake nilikuwa nasikiliza bure kwenye programu moja ya muziki, ikaniingizia tangazo la sabuni katikati ya wachungaji na malaika. Niliumia kweli. Muziki wa namna hii umeshikana, kipande kimoja kinamwachia kingine mlango wazi, na ukikatwa hapo umeharibika. Kama unaweza, lipia au nunua. Na ukinunua CD, geuza nyuma usome muda wake: mimi niliwahi kuuziwa dukani CD yenye jina la Messiah kwa herufi kubwa, kumbe ndani ni nyimbo chache zilizochaguliwa. Messiah kamili inazidi saa mbili.

Hiyo Messiah, kazi ndefu ya kwaya, waimbaji na okestra ya mtunzi Handel, ndiyo niliyoanza nayo, ile iliyoongozwa na Christopher Hogwood na kundi lake la Academy of Ancient Music, pamoja na kwaya ya Christ Church Cathedral ya Oxford. Ilirekodiwa mwaka 1979, ikatoka 1980, na bado inapatikana.

Karibu kila kwaya ninayoifahamu inaijua Haleluya ya kazi hii. Tumeiimba kwa Kiswahili, kwa sol-fa iliyoandikwa ubaoni kwa chaki, tumeiimba Krismasi, Pasaka, harusini na kwenye uzinduzi wa makanisa. Nilikuwa mtu mzima niliposikia kazi nzima kwa mara ya kwanza, na ndipo nilipotambua kwamba Haleluya haihusu Krismasi hata kidogo. Imekaa mwisho wa sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuo, na maneno yake yametoka Ufunuo. Krismasi iko sehemu ya kwanza, na sehemu hiyo kwaya zetu nyingi hazijaigusa.

Inaanza na vinanda vya nyuzi vyenye huzuni, kisha kimya, halafu mwimbaji wa sauti ya tatu anasimama peke yake: "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu." Ni Isaya 40. Handel aliandika kazi yote kwa siku 24, kuanzia 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741, juu ya maandiko aliyopangiwa na Charles Jennens kutoka kwenye Biblia. Iliimbwa rasmi mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na sehemu ya mapato ikawalipia madeni wafungwa 142 wakaachiwa huru. Nikikumbuka wafungwa wale, sentensi ile ya kwanza ya Isaya naisikia kwa namna nyingine.

Hogwood alichagua toleo la 1754, lile lililoimbwa kwenye Foundling Hospital ya London, makao ya watoto waliotelekezwa. Hesabu za malipo ya siku ile zimebaki, hivyo inajulikana nani alipiga nini: wapiga ala hawakufika 40, na kwaya ilikuwa ndogo, ya wavulana na wanaume. Rekodi imefuata udogo huo. Hakuna mahali pa sauti kujificha. Besi wanapoingia unajua ni besi, na sauti ya pili unaweza kuifuata kwa kidole kama mstari wa kitabu.

Kwenye mashamba ya mkonge, kabla ya Korogwe, nikafika Isaya 9: "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa, tumepewa mtoto mwanamume." Wavulana wanaanza kwa wepesi kana kwamba wanacheza kombolela, wengine wanajibu, na sauti ya pili inasubiri zamu yake. Muziki huu Handel aliutoa kwenye wimbo wake mwenyewe wa Kiitaliano, wa watu wawili, unaolalamikia mapenzi yasiyoaminika, na ndiyo maana una mwendo wa kurukaruka. Kisha wote wanakutana ghafla kwenye majina: Mshauri wa ajabu, Mungu mwenye nguvu. Kwaya kubwa ikifika hapo hupiga kelele. Hawa hawapigi kelele, wanafungua tu, na nywele zilinisimama nikiwa kiti cha dirishani.

Halafu malaika. Hapo ndipo tarumbeta zinaposikika kwa mara ya kwanza katika kazi nzima, na Handel aliandika kwenye nota zipigwe kutoka mbali na kwa sauti ya chini kidogo. Kwenye rekodi hii unaamini kweli ziko mbali, ng'ambo ya kilima. Mwishoni muziki unapungua, unapungua, mpaka unabaki uzi: malaika wameondoka. Ukiwa na spika ya simu tu hutalisikia jambo hili. Tafuta hata visikizio vya bei nafuu.

Kasoro zipo. Aliyezoea kwaya ya watu themanini ataona sauti za wavulana ni nyembamba, na okestra inaweza kumwonekea kavu. Mwalimu wetu wa kwaya haikubali. Yeye ni mtu wa rekodi ya Thomas Beecham ya 1959, ambayo ala zimeongezwa mpaka matoazi yanagongwa kwenye Haleluya. Nilipofika nyumbani nikamwamkia na kumsikilizisha ya Hogwood. Akatikisa kichwa. "Binti yangu, mbinguni si watu ishirini."

"Ni kweli, Mwalimu. Lakini kwenye hiyo yako sisi sauti ya pili tumekwenda wapi?"

Akacheka, akaniomba nimwachie nyimbo zile kwenye flashi. Namheshimu, na Beecham ana mahali pake: ukitaka kuwaonyesha vijana kwamba Haleluya inaweza kutikisa bati za paa, wape ile. Kwa kujifunza kuimba, wape Hogwood.

Tarehe 24 jioni ni zamu ya King's College, Cambridge. Ibada yao ya masomo tisa na nyimbo za Krismasi huanza saa tisa alasiri kwao, maana yake saa kumi na mbili jioni kwetu, na BBC huirusha moja kwa moja. Ilianzishwa mkesha wa Krismasi wa 1918, vita vikuu vimetoka tu kuisha, na Eric Milner-White, mchungaji aliyekuwa amehudumu jeshini. Redioni imekuwako tangu 1928. Tangu 1919 huanza kwa mvulana mmoja kuimba ubeti wa kwanza peke yake bila ala yoyote, na huyo mvulana hajui kuwa ndiye mpaka dakika ya mwisho. Kama hutaki kutegemea mtandao siku hiyo, kuna albamu yao ya 2018 ya kuadhimisha miaka 100, CD mbili, yenye mambo ya zamani na mapya.

Nitasema wazi: baada ya yule mvulana, mimi hupoa. Kanisa lile lina mwangwi mrefu, ni mzuri, lakini unameza maneno. Na sauti ya pili pale ni wanaume, kama ilivyo kwa Hogwood pia. Wanaimba vizuri mno, ila mwangwi unawachanganya na wengine na mimi nawapoteza. Mama hajali hayo. Mama huzima jiko, huketi, hutulia mpaka yule mtoto amalize, kisha huuliza kila mwaka, "Mama yake yuko humo ndani anamsikia?"

Sasa Bach, mtunzi Mjerumani, na hapa sitaharakisha.

Oratorio ya Krismasi, kwa Kijerumani Weihnachtsoratorium, haikuandikwa ili isikilizwe kwa mkao mmoja. Ni kantata sita, yaani kazi fupi za kwaya, waimbaji na ala, na huko Leipzig, Ujerumani, ziliimbwa kwa siku sita za ibada: tarehe 25, 26 na 27 Desemba 1734, kisha Mwaka Mpya wa 1735, Jumapili ya tarehe 2 Januari, na Epifania tarehe 6. Niliamua kuzisikiliza vivyo hivyo, moja kwa siku yake, na nashauri kila mtu afanye hivyo. Rekodi niliyotumia ni ya John Eliot Gardiner ya 1987, Monteverdi Choir na English Baroque Soloists. Hapa soprano ni wanawake watu wazima, na kila sauti inasikika wazi ingawa mwendo ni wa kasi.

Siku ya kwanza inafunguliwa na ngoma. Ngoma kweli, timpani, peke yake, kabla ya ala nyingine. Muziki huu ulikuwa umeshatumika mwaka mmoja kabla, Desemba 1733, kwenye siku ya kuzaliwa kwa malkia, na maneno yake yalikuwa yanaziamuru ngoma zilie na tarumbeta zivume. Bach akabadilisha maneno, akambakishia mtoto wa Bethlehemu ngoma za malkia. Nilipoufungulia sebuleni asubuhi ya Krismasi, kabla ya ibada, watoto wa kaka walitoka chumbani mbio wakidhani kuna kitu mtaani.

Siku ya pili hakuna tarumbeta. Ni usiku wa wachungaji, ala tupu zinaanza, na kuna obo nne, jamaa wa zumari yetu ya pwani, maana nazo hulia kwa tete mbili zilizofungwa pamoja. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori, mimi nakata nyama, simu iko kwenye spika ndogo juu ya kabati. Ukaja wimbo wa sauti ya pili, Schlafe, mein Liebster. Anaimba Anne Sofie von Otter. Mama hajui neno hata moja la Kijerumani na sikuwa nimemwambia kitu. Aliacha kumenya.

"Huyu anabembeleza mtoto."

Nikamwambia ndiyo, anasema lala, mpenzi wangu. Kuna noti moja anaishikilia muda mrefu, haipandi wala haishuki, ala zinatembea chini yake kama mtu anayezunguka chumbani na mtoto begani. Mama naye alikuwa sauti ya pili enzi zake.

Wimbo huo nao ulikuwa umetumika kabla, katika kantata ya Septemba 1733, ukiimbwa na soprano. Bach alipouleta Krismasi aliushusha, akaunyang'anya soprano na kuwapa sauti ya pili. Na siku ya tatu, katika Schließe, mein Herze, pale Luka anaposema Mariamu aliyaweka maneno hayo yote moyoni mwake, anayeimba tena ni sauti ya pili, na fidla moja tu ikitembea naye. Katika nyimbo zote za mwimbaji mmoja kwenye kazi hii kubwa, huo ndio alioutunga upya kabisa. Nyingine kazitoa kwenye kazi zake za nyuma. Miaka yote hii nimesimama safu ya pili nikijaza katikati, soprano wakibeba wimbo, na huyu mtu wa Leipzig alipotafuta sauti ya mama wa Yesu alikuja kwetu. Niliurudia mara tatu usiku ule.

Siku ya nne na ya tano sina mengi. Kuna wimbo wa mwangwi ambapo soprano mmoja anauliza na mwingine anamjibu kwa mbali, watoto waliupenda, mimi nauona mrefu.

Niongeze moja ya pembeni. Mchana wa Krismasi, wageni wamejaa, niliweka Missa Luba, iliyorekodiwa 1958 na kwaya ya wavulana na walimu wao wa Kamina, Katanga, chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen. Si ya Krismasi, ni misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mapigo na mitindo ya Kongo. Sanctus yake imejengwa juu ya wimbo wa Kiluba wa kuagana. Mjomba mmoja aliyewahi kufanya kazi Lubumbashi alisimama na sahani mkononi mpaka ikaisha. Sauti ya rekodi ni ya kizamani, inakwaruza kidogo, na bado ningeinunua tena.

Tarehe 6 Januari nilikuwa basini narudi Dar, nikafungua kantata ya sita. Ili niieleze lazima nirudi nyuma kidogo. Siku ya kwanza, katikati ya shangwe, kwaya inaimba ubeti wa kumkaribisha mtoto, na tuni yake ni ile ile tunayoijua sisi Walutheri kwa wimbo wa Ijumaa Kuu, wa kichwa chenye damu na miiba. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusikia. Sasa, mwisho kabisa wa siku ya sita, tuni hiyo inarudi, polepole kama tunavyoiimba sisi, lakini imezungukwa na tarumbeta na ngoma zinazoshangilia. Tulikuwa tumeshapita Same, milima ya Upare iko kushoto. Sauti ya pili ya tuni ile naijua tangu utotoni. Nikaiimba kwa chini, kwa maneno yetu ya Ijumaa Kuu, tarumbeta zikipita juu yake masikioni, nikairudisha nyuma na kuiimba tena, hadi Mombo.