Kokoto au Barafu: Kujenga Juu ya Ardhi Iliyoganda Alaska

Huko Prudhoe Bay, kaskazini mwa Alaska, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 1968, ardhi imeganda hadi kina cha zaidi ya mita 600. Kiangazi huyeyusha tabaka la juu tu. Ukilikwangua zulia la mimea, joto hupenya, barafu iliyofichika huyeyuka na ardhi hutitia. Kwa hiyo msingi wa kawaida wa kuchimbwa haufai. Watu hurundika kitu juu.

Njia ya kwanza ni kumwaga kokoto, unene wa kama mita moja na nusu au mbili, ili joto lisifike chini. Hutumika mwaka mzima na hubeba mitambo mizito. Ila gharama yake haionekani siku ya kwanza: kokoto lazima zichimbwe mahali, tuta huzuia maji yakatuama kando, na vumbi la malori huifanya theluji ya jirani iyeyuke mapema. Ukiziondoa baadaye, mimea huchukua miongo kurudi.

Ya pili ni barafu. Maji ya maziwa humwagwa juu ya theluji iliyoshindiliwa mpaka yagande kama sakafu. Joto likirudi, yote huyeyuka. Alama hubaki kidogo. Kasoro ni muda: miezi michache tu, na baridi ikichelewa, kazi husubiri.

Kwa kisima cha muda cha kutafuta mafuta ningechagua barafu bila kusita. Kwa kituo cha miaka 30, ni kokoto, ila kidogo iwezekanavyo.