Gambuti nyeupe za Gerezani, saizi 37: nimezivaa Feri na kwenye mwamba

Nilizipata kwenye duka la vifaa vya kazi kule Gerezani, Dar es Salaam. Muuzaji alianzia 35,000, tukavutana mpaka 28,000. Ni zile nyeupe za plastiki wanazovaa watu wa viwanda vya samaki, zinaishia chini kidogo ya goti, ndani zina kitambaa chepesi. Nazivaa tangu kaskazi iliyopita. Kama kazi yako ni samaki, nunua, ila usome habari ya mwamba hapo chini kwanza.

Kilichonivuta ni saizi. Nimefanya utafiti wa samaki wa baharini tangu nikiwa binti, leo naongoza kitengo, na kwa miaka mingi stoo ilikuwa na gambuti za 41 kwenda juu tu. Ziliagizwa kwa miguu ya wanaume, kwa kuwa ndio waliotegemewa kwenda baharini. Sisi wasichana tulipewa hizohizo, pamoja na ushauri wa kuvaa soksi mbili. Nilikuwa nasokomeza gazeti kwenye ncha. Sasa panda ngalawa hivyo: mguu unaingia chomboni, gambuti inabaki majini, na manahodha wanacheka kwamba mwanamke na bahari wapi na wapi. Wengine hawakutaka kabisa nipande, wakisema ni nuksi. Nuksi iliisha walipoona samaki wanaingia nyavuni kama kawaida, wakaishia kuniita Mama Rula kwa sababu ya ubao wangu wa kupimia urefu wa samaki.

Feri, kwenye soko la samaki, gambuti hizi zimefaulu vizuri. Alfajiri sakafu ya mnadani ni maji, magamba na barafu iliyoyeyuka, na sisi tunafanya kazi tumesimama. Unamwomba mchuuzi ruhusa, unachukua vibua kabla dalali hajawamaliza, unamlaza samaki mdomo ukigusa ukingo wa ubao, unasoma pale mkia unapogawanyika, mwenzako anaandika. Kisha mizani. Wachache tunawanunua tuwapasue: tunaangalia kama jike ana mayai, na kichwani tunatoa vijiwe vya sikio, vidogo kuliko punje ya mchele, ambavyo pete zake husomwa kujua umri. Ukikuta ndoo baada ya ndoo ni samaki ambao hawajawahi kutaga, hapo kuna mazungumzo ya macho ya nyavu kuwa madogo mno. Muda wote huo vijana wa matenga wanakupita mbio wakipiga kelele "Njia! Njia!", na ukiteleza hakuna wa kukungoja. Soli ya hizi ina meno marefu, inashika. Sijaanguka.

Kwenye mwamba ni habari nyingine. Pwani yetu wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mnamo saa nne asubuhi mwamba unakuwa mtupu, kina mama wanatoka na fimbo kutafuta pweza. Huwa nafuatana nao kupima, maana kisheria pweza wa chini ya nusu kilo haruhusiwi kuvuliwa. Wao huvaa raba za mtumba zilizotobolewa, maji yanaingia na kutoka. Bibi mmoja wa Kunduchi aliniangalia miguuni akasema, "We mwanangu, hizo zikijaa maji tutakuvua wewe badala ya pweza." Ana haki. Wimbi moja juu ya goti na kila mguu unakuwa ndoo. Na msidanganyike na unene wake: mwiba wa yule samaki taa unapita humo bila taabu. Ukichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha uende hospitali.

Watu hudhani kuongoza utafiti ni kusimama mikutanoni na kuonyesha grafu. Nusu yake ni ununuzi: barafu, dizeli, posho ya nahodha, gambuti. Meli ya utafiti ya Norway, Dr Fridtjof Nansen, ilipopima samaki wa bahari yetu mwaka 1982 na 1983 nilikuwa shule ya msingi. Meli mpya yenye jina hilohilo ilipokuja 2018 nilikuwa tayari nagombana na watu wa manunuzi. Siku ya kwanza niliyosaini fomu mimi mwenyewe niliandika jozi zianzie 36. Ofisa akauliza kama ni za watoto. Nikamjibu ndiyo, za watoto wenye shahada ya uzamili.

Kasoro ndogondogo: wino wa ngisi hautoki kwenye weupe ule hata ufanyeje, na kile kitambaa cha ndani kinashika harufu. Zisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zigeuze juu chini, zianike kivulini, maana jua linapasua plastiki. Dukani zijaribu ukiwa na soksi. Muuzaji atakuambia zitatanuka. Hazitanuki.