Kupunguza matiti kwa upasuaji: nani afanye, na aanze na nini akiwa Mwanza

Kwa mwanamke ambaye shingo, mabega na mgongo wa juu vinamuuma miaka nenda rudi kwa uzito wa matiti, upasuaji huu tunaupa alama za juu. Maumivu hupungua, mara nyingi mapema kuliko alivyotarajia. Kwa anayetaka tu blauzi ifunge vifungo, alama zinashuka sana: kovu ni la maisha, na kunyonyesha baadaye hakuna wa kukuhakikishia. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama maumivu yanatoka kwenye matiti yenyewe au kwenye sidiria, na hilo unaweza kulijua kwa bei ya sidiria ya mtumba pale soko la Mlango Mmoja kabla hujalipia kumwona daktari.

Wengi wenye matiti makubwa huvaa sidiria yenye mkanda mrefu mno na kikombe kidogo mno, kwa sababu muuzaji hupima kwa macho: "Dada, chukua hii 42, itakukaa." Mkanda wa kifuani ndio unaobeba mzigo. Ukilegea hupanda mgongoni, na uzito wote huhamia kwenye kamba, ambazo huchimba mifereji mabegani. Chukua futikamba, pima chini ya matiti ukiwa umeibana, kisha pima usawa wa chuchu bila kubana. Tuseme chini ni sentimita 76 na juu ni 99. Tofauti ni 23, na kwa lebo za Ujerumani na jirani zake hiyo ni 75F. Mkanda huohuo Waingereza huuandika 34, Wafaransa huuandika 90, na belo moja linaweza kuwa na zote tatu, herufi nazo zikipishana. Usiamini lebo, amini futikamba.

Mtumba una ugonjwa wake: lastiki iliyokufa. Vuta mkanda, uachie. Usiporudi haraka, weka chini hata kama lesi ni nzuri. Mkanda ufungike kwenye safu ya ndoano iliyolegea zaidi, ili ukichoka uwe na pa kukaza. Kile kipande cha katikati kinachounganisha vikombe kilale juu ya mfupa wa kifua. Kikielea, kikombe ni kidogo. Fundi cherehani anaweza kufupisha mkanda au kuziba waya uliochomoza, lakini kikombe hawezi kukiongeza.

Sidiria iliyokukaa ivae wiki kadhaa, na wakati huohuo tibu upele wa chini ya matiti, ambao kwa joto na jasho la huku ziwani ni wa kawaida mno. Osha, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka krimu ya fangasi ya klotrimazole, weka kitambaa cha pamba katikati. Upele ukirudi kila mara, pima sukari. Andika tarehe na dawa ulizotumia, maana daktari atauliza, na bima nayo ikiombwa kulipa itauliza, kwa kuwa kilichoandikwa "urembo" kwa kawaida hukataliwa.

Krimu na vidonge vya kupunguza matiti vinavyouzwa mitandaoni havipunguzi kitu zaidi ya pesa. Kujifunga kanga kwa nguvu huongeza upele na kubana pumzi. Kupunguza mwili husaidia pale titi lilipojaa mafuta, lakini lililojaa tezi halishuki sana. Hata hivyo uzito utulie miezi kadhaa kabla ya kisu, la sivyo umbo utakaloshonewa halitadumu.

Maumivu yakibaki, nenda kliniki ya upasuaji, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, uchunguzwe na uelekezwe. Usikubali kupangiwa siku kabla titi halijaangaliwa kama lina uvimbe: ultrasaundi kwa vijana, mamogramu kwa waliofika miaka 40. Uliza bila aibu nani atakayekata. Unamtaka daktari bingwa wa upasuaji rekebishi (plastic surgery). Kanda ya Ziwa ina sikoseli nyingi, basi kipimo chake kifanyike kabla ya nusu kaputi pamoja na wingi wa damu na sukari. Taja aspirini, ibuprofeni, dawa za mitishamba na vidonge vya uzazi wa mpango unavyotumia. Anayevuta sigara aache wiki nne au zaidi kabla, kwa kuwa nikotini hubana mishipa ya damu na chuchu inaweza kufa. Aliyemaliza kunyonyesha asubiri kama miezi sita. Anayetarajia kuzaa karibuni tungemshauri azae kwanza.

Chumba cha upasuaji kazi huchukua saa mbili hadi nne. Chuchu kwa kawaida haikatwi kabisa. Huachwa ikining'inia kwenye kipande cha nyama chenye mishipa yake, ikasogezwa juu, kisha ngozi na tezi za ziada zikaondolewa. Kovu huzunguka chuchu, hushuka wima na kupita chini ya titi, kama nanga. Kwa matiti makubwa kupita kiasi chuchu hutolewa na kupandikizwa upya. Hapo hisia hupotea na kunyonyesha hakupo tena. Mwulize daktari ni njia ipi kwako, na sababu yake.

Kinachoharibika mara nyingi ni pale mishono ya nanga inapokutana. Ngozi inavutwa pande tatu, damu ni kidogo, kidonda kinafunguka. Hufungwa dawa wiki kadhaa na kupona. Titi moja likivimba ghafla na kuuma ndani ya saa 24, damu inavujia ndani, rudi hospitali hapohapo. Kwa sababu hiyo mtu wa Ukerewe asikimbilie Nansio kesho yake: usiku usafiri wa kuvuka ziwa ni mgumu. Wa Sengerema ana nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025. Aliyefanyiwa Dar es Salaam abaki huko kama wiki mbili, kwa sababu kukaa kwenye basi mchana na usiku hadi Mwanza na kidonda kibichi ni kukaribisha damu kuganda miguuni.

Kazi ya mezani unaweza kuirudia baada ya wiki mbili hivi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, isiguswe wiki sita, wala beseni la dagaa, wala mtoto kubebwa. Ziwani usiogelee mpaka kila kidonda kimefunga. Kovu hupevuka kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Mwenye historia ya kovu linalokua, hasa kifuani au masikioni, aseme mapema, maana hilo pekee linaweza kubadili uamuzi.

Bei iombwe kwa maandishi: chumba cha upasuaji, nusu kaputi, mirija ya majimaji, kufunga kidonda, na nani analipa ukirudishwa kupasuliwa tena. Hakikisha imo pia ada ya maabara, kwa sababu nyama iliyotolewa inatakiwa ipimwe kama ina saratani, na ni kipengele kinachosahaulika kirahisi.