Lenzi mbili za Barlow: moja naitumia, nyingine nimeing'oa kioo

Nina lenzi mbili za Barlow, zile zinazopachikwa kabla ya lenzi ya jicho (ile unayochungulia) ili kuongeza ukuzaji wa darubini. Ya kwanza ilikuja ndani ya boksi la darubini, ya plastiki, imeandikwa 3x. Ya pili niliinunua mwenyewe, ya mara 2, na ndiyo ninayoipitia hapa baada ya kuitumia miezi minane. Lakini siwezi kuisifu wala kuilaumu bila kuanza na ile ya plastiki, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi bure.

Darubini yangu ni ya kioo cha kuakisi, kipenyo milimita 130, urefu wa fokasi (umbali hadi miale inapokutana) milimita 650. Boksini mlikuwa na lenzi za jicho tatu, za fokasi ya milimita 25, 10 na 4; ukigawanya 650 kwa namba hiyo unapata ukuzaji. Ubavuni mwa boksi wameandika kwamba inakuza mara 487. Hesabu haina kosa: gawanya 650 kwa 4, halafu zidisha kwa 3. Wasichosema ni kwamba kioo cha milimita 130 kinafika kikomo kwenye mara 260 hivi, yaani mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, tena hewa ikiwa imetulia kabisa. Usiku wa kwanza nikapachika ile 4 juu ya ile plastiki, nikaielekeza darubini kwenye Mshtarii. Nikaona kitu kama taa ya gari ndani ya ukungu. Nikigusa tu gurudumu la fokasi, sayari imesharuka nje ya duara. Nusura niirudishe darubini nzima dukani. Kumbe ubovu ulikuwa wa aina mbili: plastiki yao na pupa yangu.

Lenzi ya Barlow si kioo cha kukuzia kama kile cha fundi saa. Ni lenzi mbonyeo, iliyobonyea katikati, nayo hutawanya miale. Ukiiweka kabla ya lenzi ya jicho, miale iliyokuwa ikikimbilia kukutana inacheleweshwa, na darubini ya 650 inakuwa kama ya 1300. Jina ni la Peter Barlow, mwalimu wa hesabu wa Uingereza, yule yule aliyetoa majedwali ya hesabu mwaka 1814; lenzi hii ilikuja miaka ya 1830, akishirikiana na fundi wa vioo George Dollond. Ukishaelewa hivyo, unajua pia kwamba kila kilichokosewa kabla yake, kama kioo kilichopinda au hewa inayochemka, nacho kitakuzwa.

Hii mpya ni ya chuma chepesi. Ndani ina vioo viwili vilivyogandishwa pamoja ili rangi zisiachane, na lenzi ya jicho inabanwa kwa pete laini ya shaba badala ya ncha ya skrubu inayochubua. Nikaijaribu kwanza kwa ile 10, kwenye Mwezi. Mara 130. Kreta ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93, ikaonyesha kuta zake zilivyoporomoka ngazi kwa ngazi, na vilima vya katikati vikasimama kila kimoja na kivuli chake. Ukingo wa Mwezi haukuwa na ule uzi wa zambarau niliouzoea kwenye plastiki. Mshtarii ikatoa mikanda miwili mikuu bila kubembelezwa, na hewa ilipotulia kwa sekunde chache, mkanda wa tatu mwembamba. Kwa Zohali sitaihukumu: pete zake zilitugeuzia ukingo mwaka 2025, na zinapokuwa nyembamba hivyo, kuutafuta mwanya wa Cassini, ule ufa mweusi unaozigawa pete, ni kujichosha.

Kilichonifurahisha zaidi, hata hivyo, ni jicho kupumzika. Navaa miwani kwa sababu ya astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho ambayo gurudumu la fokasi haliwezi kuisahihisha. Ile lenzi ya 4 ina tundu kama la sindano. Lazima kope ziguse kioo ndipo uone kitu. Barlow inakuachia nafasi ile ile ya jicho ya lenzi uliyoipachika juu yake, wakati mwingine inaongeza kidogo. Kwa hiyo 25 juu ya Barlow inanipa mara 52 nikiwa nimevaa miwani yangu, nimekaa, sikunji shingo. 10 juu ya Barlow bado ni ya kubana kwa mwenye miwani, ila si mateso. Ile 4 sijaigusa tena.

Sasa lawama, na ya kwanza ni yangu mwenyewe. Sikupiga hesabu kabla ya kununua. Lenzi mbili na Barlow zinaonekana kama lenzi nne, za kukuza mara 26, 52, 65 na 130. Lakini 52 na 65 ni mapacha, hutajua umebadilisha nini. Ningekuwa na 8 badala ya 10, ningepata 26, 52, 81 na 162, ngazi nzuri zilizopandana. Mwenye 25 na 12.5 afikiri mara mbili kabla ya kununua ya mara 2: 25 juu yake inakuwa sawa na 12.5 ambayo tayari anayo, na atapata ngazi moja tu mpya.

Lawama kwa lenzi yenyewe: ukuta wa ndani haukupakwa rangi nyeusi ya kutosha. Mwezi ukiwa nje kidogo tu ya duara, mwanga unagonga ukuta na kuchafua picha. Nimeweka karatasi nyeusi isiyong'aa, imepungua. Pia mnara wa Barlow na lenzi juu yake ni mrefu, na stendi yangu nyepesi inatetemeka sekunde tatu nne baada ya kila mguso. Nebula ya Orioni nayo usiipelekee Barlow: ukikuza mara mbili, mwanga ule ule unatandazwa kwenye eneo mara nne, na wingu linafifia. Hapo naiacha 25 peke yake.

Na je, kweli ni mara 2? Sikuliamini tena neno la boksi. Nikaichukua Mintaka, nyota ya mkanda wa Orioni iliyo karibu kabisa na ikweta ya anga, nikaiacha ikatize duara bila kuifuata, saa mkononi; ukuzaji ukiwa mara mbili, duara linaonyesha nusu ya upana wa anga, na nyota inalikatiza kwa nusu ya muda. Kwa 10 peke yake: sekunde 185. Kwa Barlow: 91. Sawa, wamesema kweli.

Jaribio hilo hilo ndilo lililoipa kazi ile ya plastiki. Nilifungua kichwa chake, nikakitoa kioo, nikabaki na mrija mtupu. Nikauweka kati ya Barlow mpya na ile 10, kwa sababu lenzi ya jicho ikisogea mbali na Barlow, ukuzaji hupanda. Mintaka ikapita kwa sekunde 66, yaani karibu mara 2.8. Hewa ikitulia, kwenye Mwezi, naitumia hivyo.