Hazina ya nyaraka za UPR: silaha nzuri ya kujibu lawama za nje

Anayetaka kujibu wageni wanaokosoa sera za nchi yake aanzie kwenye kumbukumbu za UPR, tathmini ya Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa iliyoanza 2008. Kila nchi mwanachama wa Umoja huo hupitiwa humo, hata hao wakosoaji, na nyaraka ni bure.

Fungua ukurasa wa nchi kwenye tovuti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, kisha soma ripoti ya kikundi kazi, yaani kinachoendesha tathmini, kabla ya ripoti ya serikali. Humo kila pendekezo limeandikwa pamoja na nchi iliyolitoa. Halafu tafuta kiambatisho cha majibu. Wengi hukiruka, na ndicho chenye msimamo rasmi wa nchi iliyopitiwa. Pendekezo "lililozingatiwa" (kwa Kiingereza "noted") halijakubaliwa, hapo ndipo watu hujikwaa.

Udhaifu upo. Kikao ni saa 3 na nusu, dakika 140 zikigawanywa kwa nchi zote zinazozungumza, hivyo mapendekezo mengi huja bila ushahidi. Kiswahili hakimo katika lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa, jambo linalouma.

Usiishie kuonyesha dosari za mkosoaji. Jibu hoja yenyewe kwa sheria na takwimu.